Mti Hauendi ila kwa Nyenzo

Ubao wa kwanza kuushika maishani mwangu ulikuwa ubao wa chuo. Mwalimu alituandikia kwa wino wa masizi, tukasoma, tukahifadhi, kisha tukauosha ubao na kuuanika juani upate kuandikwa tena. Ubao wa pili ulikuwa wa marehemu baba, aliyekuwa seremala katika Mji wa Kale wa Mombasa. Huo haukuwa wa kuandikwa, bali wa kushikiliwa upande mmoja huku yeye akipiga msumeno upande wa pili. Tangu siku hizo mpaka leo, nami nimeshapita miaka hamsini, kalamu na mbao vimekuwa vikinigombania. Kalamu ndiyo inilishayo, na mbao ndizo zinipazo raha.

Wala si kazi ya kudharauliwa hii. Nabii Nuhu aliamrishwa kuunda safina, na safina yenyewe ilikuwa ya mbao na misumari. Nabii Zakaria naye alikuwa seremala, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi. Basi mtu akinikuta nimejaa vumbi la mbao kutoka kichwani mpaka miguuni, nami natarajiwa gazetini na makala haijaisha, huwa na watu wazuri wa kujitetea nao.

Hivi sasa makazi yangu ni Nkoroi, katika kaunti ya Kajiado. Asiyepajua na ashike barabara ya Magadi kutoka Nairobi, apite Ongata Rongai, na kabla hajafika Kiserian atakuwa ameshawasili. Zamani hapa palikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Leo ni viwanja, kuta na mabati, na upande wa magharibi Vilima vya Ngong vimekaa vikitutazama. Bahari hakuna, na kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kuzoewa polepole. Uani kwangu nimejenga banda la useremala, futi 20 kwa 12, na humo ndimo yalimotokea haya ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu.

Maradhi ya mpenda mbao

Mwenye kupenda mbao ana maradhi yake: hatupi kipande. Kila kibaki anakiona ni mguu wa kigoda au mpini wa patasi. Mimi nilianza na mbao chache za saipresi. Zikafuata bapa za plaiwudi, kisha mabaki ya mvule niliyopewa na rafiki, kisha mbao za mkaratusi. Chini kabisa ya yote hayo zililala mbao tatu za mbambakofi alizoniachia baba, ambazo yeye mwenyewe alizinunua kwa ajili ya mlango ambao hakuwahi kuuchonga. Zote nilizisimamisha ukutani au kuzirundika sakafuni, nikijiambia kuwa ipo siku nitazipanga.

Hali ya mbao nayo ilinizidishia uchoyo. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ikapanda, na mafundi wengi wakawa wanategemea mbao za mashamba ya watu binafsi na zile zinazotoka nchi jirani. Mwaka 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na shauri likafika mahakamani. Sina haja ya kuingia katika ugomvi huo. Nataka kusema tu kwamba mtu aliyekwisha kuonja uhaba hujifunza kuweka akiba, na asipokuwa na mpango, akiba humgeukia ikawa mzigo.

Basi mwaka juzi, alfajiri moja, nilipigiwa simu. Bibi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa visiwa vya Lamu, aliyekuwa akikaa kwa mwanawe si mbali na kwangu, ameitikia mwito wa Mola wake. Waislamu wa upande huu si wengi na tumetawanyika, hivyo kila mmoja ana sehemu yake linapotokea jambo kama hilo. Yupo wa kushughulikia gari, yupo wa sanda, na wako kina mama wa kuosha. Sehemu yangu mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mbao, ni viunza.

Msomaji wa pwani sina haja ya kumweleza kiunza ni nini. Kwa mwengine atakayesoma, ni ubao wa kumfunikia maiti akishalazwa katika mwanandani, ili mchanga usimwangukie. Kwetu Mombasa au Lamu mtu hasumbuki navyo, kwani watu wa msikiti wanajua viliko. Lakini bara, na maziko ni ya siku hiyo hiyo, mbao lazima ziwe tayari.

Nami nilikuwa nazo tayari! Nilikuwa nimeshazikata kwa kipimo na kuzifunga kwa kamba miezi mingi nyuma. Tatizo ni kwamba zilikuwa chini. Juu yake palikuwa na bapa nane za plaiwudi, na juu ya plaiwudi palikuwa na rundo la saipresi, na mbele ya yote hayo nilikuwa nimesimamisha mbao za mkaratusi za futi 14. Vijana wawili walikuja kunisaidia. Tukahamisha mbao moja moja kuzitoa uani, na katika kuhamisha, mbao zilizosimama ukutani ziliteleza zote kwa pamoja zikamwangukia kijana mmoja mguuni. Tukaacha viunza tukashughulika na majeruhi. Alhamdulillahi mfupa haukuvunjika, lakini adhuhuri ilitupita. Tukamzika yule bibi baada ya Alasiri, katika makaburi ya Waislamu ya Lang'ata.

Hapana aliyenilaumu. Mwanawe alinishika mkono akasema, "Allah akujazi kheri, mzee wangu, umehangaika." Maneno hayo yaliniuma kuliko lau kama angenitukana. Usiku ule nilikaa bandani nikalitazama lile rundo, nikajiuliza: mbao zisizofikika siku ya haja, je, ni mali au ni takataka?

Fundi wa Wamunyu

Asubuhi yake nilimwita fundi mmoja jirani yangu, Mkamba, mwana wa Wamunyu. Watu wa Wamunyu na mbao wana habari ndefu. Inasimuliwa kuwa ufundi wao wa kuchonga vinyago vya kuuza ulianza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya wa Munge aliporudi kutoka Tanganyika ambako alikuwa amewaona wachongaji wa huko. Baadaye wengi wao waliteremka Mombasa, na chama chao cha ushirika cha Changamwe, kilichoanzishwa mwaka 1963, hakuna mtu wa Mombasa asiyekijua. Baba yake fundi huyu alikuwa mmoja wa waliochonga hapo Changamwe, kwa hiyo mimi naye hatukosi la kuzungumza.

Alisimama mlangoni akatazama. Kisha akasema, "Mzee, hizi mbao hazina makosa. Makosa ni kwamba zimekaa mahali pamoja. Tuzipe miguu."

"Miguu ya namna gani?"

"Magurudumu. Tutengeneze gari moja, mbao zote zikae juu yake. Ukitaka kufagia, unalisukuma. Ukitaka ubao wa nyuma, unaligeuza."

Papo hapo nikakumbuka walivyosema wahenga: mti hauendi ila kwa nyenzo. Methali hii tumeizoea kuitumia kwa maana ya mbali, kuwa jambo halifanyiki bila ya njia wala zana zake, tukasahau kuwa ina maana ya karibu kabisa. Nyenzo ni yale magogo ya mviringo yanayowekwa chini ya kitu kizito ili kiviringike. Aliyewahi kuona jahazi likivutwa pwani ameziona. Wazee wetu walijua kwamba uzito hauondoki kwa nguvu, huondoka kwa maarifa.

Ila jina la kitu chenyewe lilitupa taabu. Mimi wa Mombasa nilitaka kukiita rukwama. Fundi akasema huo ni mkokoteni. Nikamwambia mkokoteni ni wa kukokotwa, na hiki kitasukumwa. Mke wangu, aliyekuwa akituletea chai, akasema, "Basi si toroli tu?" Neno toroli ni la mbali lakini si geni Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wetu ulikuwa na vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, abiria wameketi kitako na watu wakivisukuma kwa nyuma. Kwa hiyo tukakubaliana kuwa ni toroli.

Kipimo kabla ya msumeno

Kabla ya kukata chochote tulipima. Ushairi na useremala vinafanana hapa. Asiyehesabu mizani mapema hulazimika kubandika maneno mwisho wa mstari, na asiyepima mbao mapema hulazimika kubandika viraka.

Tena mara nyingi kipimo hakitoki kwa fundi, hutoka kwa mbao. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti haizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Mikoko ya visiwani ndiyo iliyoamua mtu alale katika chumba cha upana gani, huko na hata ng'ambo ya Arabuni, ambako majahazi yetu yalipeleka boriti miaka na miaka, mpaka Kenya ilipozuia kuziuza nje mwaka 1982.

Nasi kadhalika. Bapa la plaiwudi ni futi 8 kwa 4, wala halibishani na mtu. Likisimamishwa kwa ubavu wake mrefu lahitaji kitako cha futi 6 angalau, litokeze futi moja kila upande. Mlango wa banda una inchi 36, kwa hiyo upana wa toroli tuliufanya inchi 30 ili vidole vya msukumaji visikwaruzwe. Nguzo tatu za nne kwa mbili tulizisimamisha kati ya kitako, zenye urefu wa futi 5. Upande mmoja wa nguzo ni wa plaiwudi, zikisimama kwa ubavu na kuegemea ndani kidogo. Upande wa pili nguzo zimetiwa mikono ya kulazia mbao ndefu, nayo mikono imeinuka kidogo nchani ili mbao isiteleze ikaanguka. Kichwani tuliweka sanduku lenye vyumba vinne, mabaki mafupi yasimame humo mtu ayaone yote kwa mara moja.

Halafu ikaja hesabu ya uzito, na hapa ndipo wengi hukosea. Bapa moja la plaiwudi la milimita 18 lina kilo 30 na ushei. Bapa nane ni kama kilo 250. Tia mbao za kilo 150, na toroli lenyewe kilo 60, jumla yapata kilo 460. Mtu atasema gurudumu ni nne, kila moja litachukua kilo 115. La! Sakafu ya saruji haikosi bonde, na toroli likipita juu ya bonde gurudumu moja huning'inia, mzigo wote ukachukuliwa na matatu. Kwa hivyo gawa kwa tatu, usigawe kwa nne, na kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 155 au zaidi.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe sikuyatii. Nilikwenda nikanunua vigurudumu vya inchi mbili kwa sababu vilikuwa rahisi, na fundi akanitazama asiseme kitu. Siku ya kujaribu tulipakia nusu ya mzigo tu, tukasukuma hatua tatu, kimoja kikaingia ufa wa sakafu kikakunja shingo, toroli likainama kama jahazi lililopanda mwamba. Safari ya pili nilinunua magurudumu ya inchi 5 yenye uwezo wa kilo 200, mawili ya kwenda mbele na nyuma tu, na mawili yenye kugeuka na breki zake. Gurudumu kubwa hupita juu ya ufa ambao dogo hutumbukia. Tukayafunga kwa bolti na nati zilizopenya kitako mpaka upande wa pili, kwani skurubu peke yake hung'oka toroli likipigapiga.

Mbao za baba

Likabaki suala la mhimili wa chini, ule unaobeba kila kitu. Fundi alizigonga mbao za mbambakofi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mzee," akasema, "hizi umeziweka za kutazama?"

"Ni za marehemu baba."

"Naye alikuwa fundi?"

"Fundi hasa."

"Basi angekuwa ameshazitumia."

Sikumjibu. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Ukweli ni kwamba mbao hizo hazikuwa zikihifadhika, zilikuwa zikiharibika mikononi mwangu. Mbao huvuta na kutoa unyevu kwa kufuata hewa iliyoizunguka. Hizi zilizoea hewa ya bahari, nami nimezipandisha bara, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kiangazi cha Januari hukausha hata midomo ya watu. Mwaka wa kwanza tu moja ililia usiku kama mjeledi, na asubuhi tukaikuta ina ufa kichwani. Tena zilikuwa zimelala sakafuni, na udongo wa uani kwangu una mchwa. Mbambakofi ni mgumu na una sifa ya kustahimili wadudu, lakini hakuna mti uliopewa ahadi ya milele.

Nikarudi ndani nikamwambia, "Chukua ule wenye ufa."

Tulikata pale penye ufa, tukapiga randa. Ukatoka ule wekundu wake na ile harufu, nikawa mtoto tena ninayeshikilia upande mmoja. Waunda vyombo wa pwani waliutumia mbambakofi kwa sehemu zinazobeba nguvu za chombo, na mkuku ni mojawapo. Mkuku hauonekani na mtu, uko majini siku zote, lakini bila mkuku hakuna jahazi. Leo ubao wa baba ni mkuku wa toroli. Haukuwa mlango wa kuchongwa maua kama alivyokusudia, lakini unabeba. Mbao mbili zilizobaki zimelazwa juu ya mikono, na kati yake nimetia vijiti vya kutenganisha ili hewa ipite pande zote. Mlango huenda nikauchonga mwenyewe, inshallah, pindi mkono ukikomaa.

Kazi yote ilituchukua siku nne. Kupanga nako kuna adabu zake. Vizito hukaa chini na vyepesi juu, kwa maana toroli lenye kichwa kizito hupinduka. Upande mmoja usipakiwe wote kabla ya wa pili, bali hupakiwa kwa zamu, huku na huku, kama anayepakia punda. Mbao mbichi isichanganywe na kavu, kwani mbao ya kukaushwa kwa hewa huhitaji yapata mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake, na anayeiharakisha hulipwa na mpindo. Na breki zikazwe kila toroli linaposimama, hasa penye watoto.

Viunza navyo nimevipa mahali pake. Viko mwisho wa upande wa mbao ndefu, katika rafu ya peke yake, vimefungwa vifurushi viwili, na juu yake hapawekwi kitu. Fundi aliponiuliza vile ni vya nini nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua msasa akavipitia vyote, kingo zote, mpaka vikawa laini. Nikamwambia hapana haja, kwani huko vinakokwenda hakuna wa kuvipapasa. Akasema, "Wa kuvibeba je?"

Miezi michache iliyopita nilikuwa Mombasa kwenye arusi ya mpwa wangu. Asubuhi nikapigiwa simu na mke wangu. Amefariki mzee mmoja wa jamaa zetu huko Rongai, na yeye ameshamwita fundi, wamesukuma toroli mpaka mlangoni, viunza vimetoka na gari limeondoka navyo. Nilikuwa nimeshaingiwa na wasiwasi, nikaanza kumwuliza maswali mengi kwa pamoja: je, plaiwudi hazikuanguka? Nani aliwasaidia kuinua? Mmechukua muda gani?

"Muda gani wa nini?" akaniuliza. "Hatukuinua kitu."